Madam Aliyetufundisha Kuanza

Jina lake nalijua, ila hapa silisemi. Tulimwita Madam, watoto kwa wazee, hata katekista wetu aliyemzidi umri kwa mbali. Yeye mwenyewe akibisha hodi kwangu alikuwa akisema, "Nyanya, ni Madam." Kwamba alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani, hilo mniwie radhi. Mimi nitasema niliyoyaona, maana nyumba yake na yangu hapa kijijini Petta zilitengwa na safu moja ya mihogo, na mihogo haizibi kitu.

Nianze na lililo zito. Mwanamke huyu aliwatoa watoto wa kijiji kizima katika ugonjwa wa kesho. Mtoto aliyekuwa akikimbia kitabu kama mbuzi anavyokimbia mvua, ukimpeleka kwa Madam mwezi mmoja, alirudi anasoma. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na kazi moja ya shule, na kazi hiyo ilimshinda. Ilikuwa ripoti ya mwisho ya diploma yake ya ualimu. Masomo aliyasoma likizo baada ya likizo, mitihani akafanya, akapita. Ilibaki ripoti: kuiandika, kuichapisha, kuipeleka chuoni. Bila ripoti hakuna diploma, na amri ilikuwa imekuja kutoka juu kwamba ipo siku mwalimu asiye na diploma hatasimama mbele ya ubao. Hayo aliyajua kuliko mtu yeyote. Miaka saba aliyajua.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu kama ya kuku anayechungulia jikoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilidhani mwalimu ni mtu wa kupiga kelele, maana wale walionifundisha mimi, kwa miaka yangu mitatu ya shule, walibweka. Huyu alisema polepole na chini, na watoto walinyamaza wenyewe wasije wakakosa neno. Asubuhi alipita kwangu na kandambili miguuni na viatu mkononi, akavivaa getini mwa shule. Alifika kabla ya ile rimu ya gari wanayoigonga kama kengele kugongwa. Sikumwona akichelewa hata siku ambayo daraja la miti lilikwenda na maji. Siku hiyo alivuka na sketi kapandisha magotini, na wanaume wakageuza nyuso kwa heshima, wengine wakachelewa kidogo kuzigeuza.

Mimi nilimjua vizuri kwa sababu ya mjukuu wangu, Athieno. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto hajaota meno, nikamlea mimi kwa njugu ninazolima hapa na kuziuza Busia, mpakani, siku za soko. Leo Athieno yuko chuo cha ualimu na mkinisikia najisifu mniache nijisifu, sikuiba. Lakini mwaka alipokuwa kidato cha nne nilikaribia kumpoteza, na sikujua kama nampoteza, kwa sababu mtoto alikuwa anafanya kazi kama punda. Uwanja wangu mwaka ule uling'aa kama kipara cha padri. Nilimwita Madam aje aone.

"Nyanya," Madam akasema, "huyu mtoto anafagia sana."

"Nimemlea vizuri," nikasema, kifua mbele.

"Anafagia mara ngapi kwa siku?"

"Tatu. Siku nyingine nne."

"Na mtihani ni lini?"

"Mwezi wa kumi."

Akacheka kwa pua. "Nyanya, huyo si mfagiaji. Huyo ni mtoro. Anatoroka na ufagio mkononi."

Nilikasirika. Siku mbili sikumsalimia, na chumvi yake aliyoniazima nilimrudishia kwa mkono wa mtoto. Lakini neno lilishaingia, nikaanza kuangalia. Athieno anafungua kitabu. Anakumbuka mbuzi hajanywa maji. Anarudi, anafungua kitabu. Anakumbuka simu haina moto, anaipeleka senta, kule madukani, kuchaji. Anarudi, anakaa, anafungua kitabu, anasema, "Nyanya, hizi sufuria mbona nyeusi hivi?" Kitabu kilikaa wazi ukurasa uleule mpaka nzi wakauzoea. Nikimuuliza, jibu ni moja: "Kesho naanza kwa nguvu." Na akilisema hilo neno, usoni anafurahi, kama mtu aliyekwisha kusoma tayari.

Basi nikakata fimbo, nikamkamata mkono, nikavuka mihogo. Nikamwambia Madam, "Mtoto huyu hapa, na dawa yake hii hapa." Madam akapokea fimbo kwa mikono miwili, akanishukuru, akaenda akaichomeka kwenye maharage yake yapate pa kupandia. Kisha akamgeukia Athieno.

"Hicho kitabu kina kurasa ngapi?"

"Nyingi, Madam."

"Ndiyo maana hukisomi. Nyanya yako analima nini?"

"Njugu."

"Analima shamba zima siku moja?"

"Hapana. Analima ngwe."

"Hakuna mtu aliyewahi kulima shamba," Madam akasema. "Watu wote wanalima ngwe."

Akachomoa uzi wa katani kwenye gunia, akaukata vipande viwili. Kimoja akakilaza kwenye ukurasa, kingine kurasa mbili mbele. "Soma kutoka hapa mpaka hapa. Ukifika kwenye uzi wa pili, funga kitabu, nenda nyumbani."

"Na kama nataka kuendelea?"

"Marufuku."

Mimi nilisimama pale nikaona huyu mwanamke hana akili. Mtoto hasomi, nawe unamkataza kusoma? Lakini siku ya nne Athieno alikuwa akimbembeleza, "Madam, kidogo tu, nimefika pahali patamu," naye anasema, "Kesho," na kitabu anakifunga mwenyewe kwa kiganja. Wiki ya pili nilimkuta Athieno nyuma ya jiko, kajikunja kama mwizi wa mayai, anasoma kupita uzi. Nikakimbia kumshitaki. Madam akapiga makofi mara moja, akaziba mdomo. "Nyanya, nyamaza! Usimwambie nimejua."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Hesabu za kidato cha nne yeye hakuzijua, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alisema waziwazi: "Mimi sijui x na y zenu. Najua kumkalisha mtu chini." Mtoto akimaliza ngwe yake hakumsifu. Alisema tu, "Haya." Nimewaona watoto wakiigombea hiyo haya kama mandazi.

Habari ilitembea. Baada ya Athieno walikuja wengine, kutoka Petta na hata kutoka Mwello, wote wanapitia kwenye mihogo yangu mpaka ikawa na njia. Jioni, kuanzia kengele ya mwisho mpaka jua lishuke, kibaraza cha Madam kilijaa magoti. Hakutaka malipo. Ukimletea kuku, kuku yule aliishia kwenye sufuria ya mgonjwa fulani.

Siku moja alikuja baba mmoja, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, kulalamika kwamba kijana wake hana hamu ya kusoma.

Madam akamuuliza, "Wewe asubuhi na mapema ukiamka, una hamu ya pikipiki?"

"Hamu gani, Madam? Mgongo wote umekufa."

"Kwa hiyo unalala mpaka hamu ije?"

"Nalala nile nini? Napanda tu. Nikibeba abiria wa kwanza ndiyo mwili unaamka."

"Mrudie mwanao, umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Mimi sina la kuongeza."

Tulicheka mpaka yule baba naye akacheka. Lakini siku nyingine Madam hakucheka. Shule ilimleta bwana mmoja kutoka mjini, suti ya buluu, azungumze na watoto juu ya kufaulu. Akawapandisha mori kweli. Watoto walipiga kelele, wakaruka, mmoja akalia. Kila mmoja akataja atakavyokuwa: daktari, rubani, mbunge. Bwana alipoondoka, Madam akapita katikati yao akiwauliza mmoja mmoja kwa ile sauti yake ndogo, "Leo saa kumi utafungua kitabu gani?" Hakuna aliyejua. Aliporudi nyumbani alikuwa amekunja uso. "Nyanya, wamewapikia moshi," akaniambia, "na watoto wamelamba vidole."

Mimi pia alinikamata. Miaka mitatu ya shule niliyosoma ilikuwa imebaki jina langu na namba, basi. Alipotaka kunifundisha kusoma na kuandika nilimwambia macho yangu ni mabovu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wangu, ananitazama nachambua njugu. "Nyanya, macho yanayoona punje ya mchanga ndani ya njugu, herufi ndiyo yanakataa kuiona?" Ni aibu ndiyo iliyonishika, wala si macho, naye alijua. Alinifundisha jikoni kwangu, watoto wasione. Mwaka uleule nilisoma Injili ya Marko yote, peke yangu, kwa kidole.

Sasa njoo umwone nyumbani kwake. Ukuta wa nyuma alianza kuukandika udongo, akafika nusu, ukakaa nusu. Kiti alikiagiza kwa fundi, kikaja bila mgongo, akasema atakirudisha, tukakikalia hivyo hivyo miaka yote. Ya shule hayakulala. Ya kwake mwenyewe ndiyo yaliyolala. Na katika yote, lililolala zaidi ni ile ripoti. Aliiweka ndani ya gunia la sukari, safi, limefungwa, juu ya kabati. Ilihusu watoto wanaochelewa kujua kusoma. Na alikwisha kufanya ile kazi ngumu ya kuulizauliza watu, maana hata mimi aliniuliza, na kalamu mkononi kama karani.

"Mzazi, unamhimiza vipi mtoto kusoma?"

"Kwa fimbo."

Akaandika. "Na ikishindikana?"

"Fimbo kubwa."

Akaandika na hilo, bila kucheka. Baadaye nikamsikia anacheka peke yake ndani.

Kwa hiyo maneno alikuwa nayo. Ilibaki kuyakalia na kuyapanga. Nikimuuliza, "Madam, ile kazi?" alisema, "Likizo hii, Nyanya." Likizo ikija, watoto wa likizo wamejaa kibarazani. Nikasema moyoni, sisi ndio tunaomla huyu mama muda wake. Na niliyeanza ni mimi, niliyemvukia na mtoto na fimbo.

Halafu nikamwona Busia. Nilikuwa upande wa Kenya, nimeuza njugu zangu, napita pale wanapochapisha na kutoa kopi. Madam huyo mlangoni, na gunia lake kifuani kama mtoto mchanga. Hakuniona. Kijana wa mashine akamwita kutoka ndani, "Madam, karibu! Leta hiyo kazi nikupigie fasta, dakika mbili tu." Madam akauliza bei. Akaambiwa. Akaitikia kwa kichwa, akasimama. Kisha akasema, "Nitarudi," akavuka barabara kwenda kununua sabuni.

Nikaingia. "Kijana, huyu mama umemfanya nini?"

"Mathe, mimi sijamfanya kitu," akasema. "Huyo madam ni kastoma wa mlango. Anakuja kila mara, anauliza bei, anaenda. Hata nikimwambia ni bure ataenda tu."

Nilirudi nyumbani na hilo neno likinichoma. Hata hivyo sikulielewa. Nilidhani ni uchovu, ni watoto. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mpaka leo wanawake wa kijiji wananikumbusha. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikawaambia: mwezi mzima huu mtoto asikanyage kwa Madam. Mwacheni aandike. Walikubali wote. Mwezi mmoja tu, tumlipe kwa kumwachia jioni zake.

Siku ya kwanza alikaa kibarazani na karatasi zake, jiwe juu zisipeperuke. Nilichungulia kwenye mihogo, nikafurahi. Siku ya pili alikaa, lakini karatasi zilikuwa ndani ya gunia, bado limefungwa. Siku ya tatu alianza kumenya mihogo ambayo hakuwa na mtu wa kumlisha. Siku ya nne alitembea mpaka njia kuu, akasimama, akatazama huku na huku kama anayengoja basi. Siku ya tano alikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, akawachukua watoto. Alipita kwangu na msafara wao nyuma, uso umechangamka. "Nyanya, wataharibikiwa," akaniambia. Nikawapisha wapite.

Barua ilikuja muhula wa mwisho. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema, alimwombea muda mara nyingi, safari hii hakuwa na la kufanya. Madam aliileta kwangu ikiwa imefunguliwa, akanipa niisome mwenyewe, na mimi kwa kidole changu nikaisoma. Aliyenifundisha kusoma ni yeye, na barua ya kwanza kuisoma katika maisha yangu ilikuwa ya kumfukuza yeye.

Mimi si mtu wa kupaka mafuta. Nikamwambia, "Madam, wewe ulikuwa unawaambia watoto nini? Ulishindwa hata na ngwe moja?"

Alikaa kwenye kinu changu. "Nyanya, wakisoma waseme ni mbaya, je?"

"Waseme. Utaandika tena."

"Mimi nimesimama ubaoni zaidi ya nusu ya maisha yangu. Watu wananiita Madam, jina langu wamelisahau. Wale wa chuo wakinipa sifuri, nitakuwa nani?" Akaikunja barua ndogo, ndogo zaidi. "Ripoti ambayo haijafika mezani kwao haijapata sifuri. Na hao watoto wenu, mnadhani mlikuwa mnanila muda. Walikuwa kichaka changu. Nilijificha humo."

Ndipo nikaelewa kwa nini aliwajua watoto wale vizuri hivyo. Mganga hakuusoma ugonjwa kwenye kitabu. Alikuwa nao.

Aliondoka kabla ya Krismasi, akaenda kwa dada yake, kijiji cha Kwapa. Watoto walimbebea vitu mpaka barabarani. Mwalimu aliyekuja mahali pake ni kijana mpole, ana diploma yake, sina neno naye. Alinisimamisha siku moja. "Bibi, vitabu vya kabatini vina nyuzi nyuzi. Ni za nini?" Nikamwambia aziache.

Miaka ikapita. Salamu zilikuja, salamu zikaenda. Athieno akaingia chuo, kilekile alichosoma Madam. Halafu mwezi huu, siku ya Jumatano, akatokea nyumbani bila taarifa, anahema, begi mgongoni.

"Nyanya, wamefungua! Wale wa zamani wenye ripoti hazijaisha wamepewa nafasi ya mwisho. Mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wanafuta majina kabisa."

"Siku ngapi?"

"Kesho zitakuwa kumi na moja. Nyanya, mimi nitamchapia mwenyewe. Nitakaa naye. Yeye asome tu, mimi nichape."

Kesho yake asubuhi tulipanda pikipiki, yeye, mimi na mfuko wa njugu katikati. Njia nzima alikuwa ananiambia watakavyogawa ile kazi. Nilimwacha aseme. Lile jiwe la Tororo, refu kama mlima, lilikuwa limetoka kwenye ukungu, na mimi nikafikiri, kumbe Mungu ametukumbuka.

Madam tulimkuta shambani. Nilimtambua kwa shingo. Vingine vyote vilikuwa vimepungua. Alimshika Athieno uso kwa mikono yenye udongo, akamtazama, akasema, "Mwalimu," mara mbili. Kisha akamtuma kuteka maji, naye akaenda kunawa, mimi nikaingia jikoni kumsaidia dada yake.

Dada yake alikuwa anakoroga ugali, akasema bila kugeuka, "Umemwona? Hali chakula. Anaonja tu. Pikipiki ikiingia uani anaruka, anadhani ni watu wa chuo wamemfuata. Leo mlivyokuja alishika mti."

"Na zile karatasi?"

"Ziko. Njoo uone."

Akanionyesha kwa mwiko kupitia mlango. Nyuma ya nyumba, juu ya mkeka, karatasi za Madam zilikuwa zimeanikwa juani, safu kwa safu, kila moja na kijiwe chake juu, kama mtu anavyoanika wimbi la uji. "Kila siku hivyo," dada yake akasema. "Asubuhi anazitoa, mchwa wasile. Jioni anazirudisha guniani. Miaka yote hii. Kusoma hasomi, dada yangu. Anazianika tu."

Tukakaa kula. Kwetu mgeni hasemi kilichomleta kabla ya kula, na ujumbe husemwa na mkubwa. Mdogo akijua zaidi, ananyamaza. Mkubwa akikosea, mdogo hamsahihishi mbele ya mwenye nyumba, hata awe amesoma mpaka mwisho wa vitabu. Athieno alikaa karibu nami, goti lake linacheza. Madam alimega tonge, akalishika, hakulila.

"Nyanya," akasema. "Huko chuoni kwa Athieno. Wale wa zamani. Wamefunga, sivyo?"

Alikuwa ananitazama. Nimeuza vitu sokoni maisha yangu yote, naijua sura ya mtu anayeomba. Aliuliza kama mtu anayeomba maji. Alikuwa anataka niseme ndiyo. Nikaona ule mkeka, nikaona vile vijiwe. Nikafikiri, nikimwambia bado, zimebaki kumi na moja, kesho ataanika, keshokutwa ataanika, na siku ya kumi na mbili watamfuta, naye atakuwa ameshindwa mara ya pili, safari hii mbele ya mtoto aliyemfundisha.

Nikasikia Athieno anavuta pumzi aseme. Nikatangulia.

"Wamefunga," nikasema.

Madam akafumba macho. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Akalila lile tonge. Akamega lingine, akachovya kwenye kunde, akala, akamwomba dada yake amwongeze. Alikula kama mtu aliyetoka kulima ekari. Alituhadithia kisa cha jogoo wa jirani, akacheka mpaka machozi, na dada yake alikuwa ananitazama mimi kana kwamba nimefanya muujiza. Athieno hakugusa chakula.

Tulipoaga, Madam alitusindikiza mpaka mwisho wa shamba. Alinishika mkono. Njiani Athieno alitembea mbele yangu mpaka tulipoona barabara.

"Nyanya."

"Sema."

"Zimebaki siku kumi na moja."

"Najua kuhesabu. Umemwona alivyokula?"

"Nimemwona." Akasimama, akageuka, machozi yanamtiririka. "Mimi hakuniachia hata siku moja. Nililia, nilimtukana kimoyomoyo, hakuniachia. Wewe umemwachia."

Nilipungia mkono pikipiki iliyokuwa inapita. Nilimwambia apande.

Amerudi chuoni, hajapiga simu. Wakati mwingine nasema nilifanya vizuri, mama wa watu apumzike, ale. Wakati mwingine nasema nilichukua kitu ambacho si changu, nikakitupa. Angeweza kuandika. Kwa siku kumi na moja, na Athieno ubavuni, nani ajuaye? Naweza kurudi Kwapa nikamwambia nilidanganya. Nauli ninayo. Ijumaa nilisema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na njugu za kuchambua, Jumapili ni misa, Jumatatu na Jumanne nilisema kesho, na jana nilisema leo.

Zimebaki siku nne. Asubuhi nimevaa nguo za safari, nimefunga kitambaa kichwani, nimefika mpaka mlangoni. Kisha nikarudi nikaketi, nikasema kwanza niandike haya.